Namna ya Kuisoma The Old Curiosity Shop Mpaka Mwisho

Riwaya hii ya Charles Dickens ina sura 73, na anayeisoma kwa pupa huishia njiani. Ilitoka kidogo kidogo kila wiki katika jarida la Master Humphrey's Clock, kuanzia Aprili 1840 hadi Februari 1841. Ukibugia sura kumi kwa mkupuo, huruma kwa Nell, msichana ambaye hadithi inamhusu, inakinaisha na vituko vya Quilp, mkopeshaji katili anayemwandama, vinakuwa makelele matupu. Soma sura mbili au tatu kwa siku.

Tafuta toleo lenye michoro ya asili. Hablot Browne ndiye aliyechora zaidi watu wa kutisha na kuchekesha, naye George Cattermole akachora majengo ya kale na kitanda cha Nell.

Msimulizi wa mwanzo ni mzee Humphrey, lakini mwishoni mwa sura ya 3 anaaga na kujiondoa. Usirudi nyuma ukidhani umeruka ukurasa. Dickens alikusudia hadithi fupi, ikamkulia mkononi.

Chukua karatasi, igawe safu mbili. Upande mmoja weka Nell na babu yake mcheza kamari, wanaotoroka London katika sura ya 12, pamoja na watu wa njiani: Codlin na Short wachezesha vikaragosi, Bi. Jarley wa sanamu za nta, na mwalimu. Upande wa pili ni waliobaki London: Quilp, Kit kijana rafiki wa Nell, Dick Swiveller karani, Sampson Brass mwanasheria na dada yake Sally, na kijakazi wao anayeitwa Marchioness. Bila karatasi hiyo utapotea, maana hadithi huacha upande mmoja kwa sura nyingi. Baada ya sura ya 55, kwa mfano, Nell haonekani tena hadi ya 71.

Sura ya 5 isome kwa sauti. Quilp anakula mayai na maganda yake, anatafuna kamba wakubwa na vichwa na mikia, anakunywa chai inayochemka bila kupepesa jicho, anauma uma na kijiko mpaka vinapinda. Kichekesho kimo katika mrundikano huo. Ukisoma kimoyomoyo haraka, unabaki na mtu mbaya tu. Kurasa za Nell zinataka mwendo mwingine kabisa: pale nathari inakaribia mapigo ya ushairi, basi punguza kasi.

Sura ya 67 na ya 71 usizitenganishe kwa siku nyingi. Quilp anazama mtoni Thames gizani mbele ya macho yetu, mpaka maji yanapoutupa mwili wake. Kifo cha Nell hatukioni. Tunafika tumechelewa, pamoja na wanaomtafuta kwenye theluji. Wanaolalamika kwamba Dickens anatulazimisha kulia mara nyingi hawajaona alivyojizuia hapo.

Ukibanwa na muda, pitia upesi mambo ya familia ya Garland, waajiri wa Kit. Usiruke sura ya 57, Dick anapomfundisha Marchioness kucheza karata, wala ya 64, anapozinduka kutoka kwenye homa na kumkuta ndiye aliyemuuguza. Hapo kicheko na huruma vinakaa chumba kimoja, na kwa maoni yetu ndipo kitabu kinapofanikiwa zaidi.