Somo: Dishi Moja kwa Ving'amuzi Vingi, Swichi na Nyaya Katika Nyumba ya Wapangaji

Katika nyumba nyingi za Sinza, Tabata na Mbezi jijini Dar es Salaam, paa moja huwa limebeba madishi matano au sita yanayotazama upande uleule, kila mpangaji na lake, ilhali dishi moja lililofungwa vizuri lingewatosha wote. Somo hili linaeleza namna ya kuifanya kazi hiyo bila mpangaji mmoja kumharibia mwenzake picha. Mfano wetu ni nyumba yenye wapangaji sita ambao wote wana king'amuzi cha dishi cha Azam, na wawili kati yao wana cha DStv pia.

Kabla ya kugusa waya, lieleweke jambo moja ambalo ndilo chanzo cha makosa karibu yote tunayoitwa kurekebisha. King'amuzi hakipokei tu, bali pia hutoa amri. Kupitia waya uleule unaoleta picha, hupeleka volti 13 kuomba mawimbi ya wima au volti 18 kuomba ya mlalo, na hutia mlio wa kilohezi 22 kinapotaka sehemu ya juu ya bendi ya Ku, yaani gigahezi 11.7 hadi 12.75; mlio usipokuwapo, LNB, yaani kile kichwa kilicho mbele ya dishi kinachopokea mawimbi, hubaki katika sehemu ya chini, gigahezi 10.7 hadi 11.7. Tundu moja la LNB hutii amri moja tu kwa wakati mmoja. Kwa hiyo kila king'amuzi lazima kiwe na njia yake, ama mpaka kwenye LNB yenyewe, ama mpaka kwenye kifaa kinachoweza kumsikiliza kila mmoja peke yake.

Hatua ya kwanza: chora kabla ya kununua

Chukua karatasi, chora vyumba, andika kila king'amuzi kinatumia setilaiti ipi, kisha pima urefu wa kila njia ya waya kwa kufuata kona za ukuta. Azam TV hurushwa kutoka nyuzi 7 Mashariki na DStv kutoka nyuzi 36 Mashariki, kwa hiyo katika mfano wetu yanahitajika madishi mawili.

Mahali pa kuyaweka hapafanani. Kwa mtu aliyeko Dar es Salaam, setilaiti ya nyuzi 36 iko karibu utosini, takriban digrii 81 kutoka upeo wa macho, ikiegemea kaskazini kidogo magharibi. Ile ya nyuzi 7 iko kama digrii 52, upande wa magharibi ikisogea kidogo kaskazini. Maana yake ni kwamba dishi la Azam linaweza kukaa kwenye ukuta unaotazama magharibi, lakini la DStv halitafanya kazi chini ya zege la baraza hata ukilizungusha kutwa nzima. Hilo litafutiwe paa au ua ulio wazi. Pia usiyaamini macho, kwani madishi haya madogo yana LNB iliyokaa kando, na uso wake huonekana umeinama chini kuliko mahali linapotazama kweli.

Hatua ya pili: chagua kifaa kinacholingana na idadi

Kwa ving'amuzi viwili, nunua LNB ya njia mbili na uishie hapo. Kwa vinne, LNB ya njia nne, ile ambayo kwenye boksi huandikwa Quad. Hizi hazihitaji swichi yoyote, kwa kuwa kila tundu linatii king'amuzi chake. Ving'amuzi vyetu viwili vya DStv vitatumia LNB ya njia mbili. Ila ikiwa kimojawapo ni cha kurekodi chaneli moja huku ukitazama nyingine, hesabu yake inabadilika na muuzaji aulizwe aina ya LNB inayokifaa.

Ving'amuzi sita vya Azam ndivyo vinavyohitaji maltiswichi, yaani kifaa kinachogawa mawimbi ya dishi moja kwa ving'amuzi vingi. Ya matundu matano ya kuingilia na manane ya kutokea inatosha, na huacha nafasi mbili kwa wapangaji wa baadaye. Tundu la tano la kuingilia ni la antena ya kawaida. LNB yake ni ile iliyoandikwa Quattro, wala si Quad, ingawa zote zina matundu manne na dukani Kariakoo unaweza kupewa moja badala ya nyingine kwa nia njema kabisa. Quattro haisikilizi amri ya mtu. Kila tundu lake hutoa robo moja ya mawimbi muda wote, na maltiswichi ndiyo inayompa kila king'amuzi robo anayoiomba.

Swichi ya DiSEqC ni kitu kingine kabisa. Hiyo hukusanya LNB mbili, nne au zaidi na kuzipeleka kwa king'amuzi kimoja ili kichague setilaiti. Maltiswichi hugawa, DiSEqC hukusanya. Mwenye risiva ya chaneli za bure anayetaka setilaiti mbili aitumie. Mwenye Azam na DStv katika ving'amuzi tofauti haimsaidii kitu.

Hatua ya tatu: waya

Tumia RG6 ya omu 75 yenye kiini cha shaba tupu. Waya mwingi wa bei nafuu una kiini cha chuma kilichopakwa shaba kwa juu. Nenda dukani na kisumaku kidogo, na kiini kikinata ujue ni chuma. Mawimbi yenyewe hayadhuriki sana, kwa kuwa hupita kwenye ngozi ya kiini, lakini umeme wa LNB hupita kiini kizima, na chuma huubana. Kwa mita kumi hutaona tofauti, ila kwa mita arobaini volti 18 zaweza kufika zikiwa pungufu, na chaneli za mlalo zikapotea huku za wima zikiendelea.

Katika masafa ya juu ya waya, megahezi 2150, RG6 hupoteza takriban desibeli 3 kwa kila mita kumi. Ikibidi kuweka kikuza mawimbi, kiwekwe karibu na dishi. Kikiwekwa nyuma ya televisheni hukuza na uchafu uliokwisha kuingia.

Hatua ya nne: konekta

Hapa msiwe na haraka. Kata ganda la nje, kunja nyuzi za wavu kurudi nyuma juu ya ganda, ondoa karatasi ya alumini inayozidi, kisha toa plastiki nyeupe ili kiini kibaki wazi. Konekta ikishaingia, plastiki nyeupe iwe sawasawa na sakafu ya konekta, na kiini kichomoze milimita mbili au tatu kupita ukingo wake. Itazame kwenye mwanga kabla ya kufunga, kwani uzi mmoja wa wavu, mwembamba kama unywele, ukigusa kiini, king'amuzi kitaandika kwamba LNB ina shoti au kitazima kabisa umeme wa kwenda juu. Konekta za kubana kwa koleo maalumu ni bora kuliko za kuzungusha kwa mkono, hasa Kigamboni, Msasani na Kunduchi ambako upepo wa chumvi hula kila chuma kilicho wazi.

Zilizo nje zifungwe utepe wa mpira unaojishika wenyewe, na waya upinde kwenda chini kabla ya kuingia ukutani, ili maji ya masika yadondoke badala ya kuufuata ndani.

Hatua ya tano: kufunga maltiswichi

Iwekwe ndani, mahali pakavu penye hewa, karibu na dishi kadiri iwezekanavyo. Umeme wake utoke kwenye mita ya ngazi au ya mwenye nyumba. Ukiuchomeka kwenye LUKU ya mpangaji mmoja, siku yuniti zake zikiisha nyumba nzima itakosa chaneli, na ugomvi utakaofuata hauna fundi wa kuutengeneza. Mwili wa swichi na dishi viunganishwe kwenye waya wa ardhi.

Zima umeme wote, kisha oanisha matundu ya LNB na ya maltiswichi (herufi ya kwanza ni V ya wima au H ya mlalo; ya pili ni L ya sehemu ya chini ya bendi au H ya sehemu ya juu): VL kwenye 13V bila mlio, VH kwenye 13V yenye 22k, HL kwenye 18V bila mlio, HH kwenye 18V yenye 22k. Matundu ya kutokea yasiyotumika yazibwe kwa vizibo vya omu 75.

Hatua ya sita: kupima

Dishi la Quattro lilengwe kwa mita ya fundi kwenye tundu moja. Kisha peleka king'amuzi kimoja kwenye maltiswichi kwa waya mfupi, uandike kiwango cha ubora, wala si cha nguvu pekee. Ndipo uende chumba kwa chumba ukilinganisha na namba hiyo. Kwenye menyu, LNB iwe Universal, 9750 na 10600, na DiSEqC izimwe. Mwisho washa vyote sita pamoja kwenye chaneli tofauti.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama wa Tabata: Shikamoo fundi. Nilinunua swichi ya DiSEqC ya matundu manne, nikaweka LNB kwenye tundu la pamoja na ving'amuzi vitatu kwenye mengine. Havitulii.*

Marahaba. Umeifunga kinyumenyume, na hata ukiigeuza haitagawa. Kwa vitatu, nunua LNB ya njia nne na umrudishie mwenye duka swichi yake kama bado anaikubali.

*Mwanachama wa Ubungo: Ndugu mwalimu, nimetumia spilita ya kawaida. Mtoto akibadilisha chaneli chumbani, sebuleni picha inaganda.*

Ving'amuzi viwili vinaipa LNB moja amri mbili. Anayeomba volti 18 humshinda anayeomba 13, na yeyote atakayetia mlio huwahamisha wote wawili. Spilita inafaa kwa antena ya kawaida, ambayo haingoji amri.

*Mwanachama wa Mbagala: Je, naweza kutazama chaneli mbili tofauti kwenye televisheni mbili kwa king'amuzi kimoja?*

Hapana. King'amuzi cha kawaida hufungua chaneli moja kwa wakati mmoja. Waya wa pili kutoka kwake utaonyesha kilekile cha sebuleni.

*Mwanachama wa Mbezi: Mvua ikinyesha, wapangaji wanne wanapata picha na wawili hawapati. Tulilenge dishi upya?*

Msiliguse dishi. Likiwa limekosea, wote sita wangeumia pamoja, kwa kuwa mvua kubwa hudhoofisha mawimbi ya Ku kabla hayajafika kwenye dishi lenu la pamoja. Hao wawili wana waya mrefu zaidi au konekta iliyoingia maji. Badilishaneni matundu yao na ya jirani kwenye maltiswichi. Tatizo likibaki kwenye vyumba vilevile, fungueni konekta za nje mtazame kama kiini kimegeuka kijani, na kikiwa hivyo kateni waya mpaka mkute shaba safi.