Ile M pembeni ya D ina kazi yake, hasa ukishuka toka Kalinzi

Wakuu wa Kigoma, hasa nyie mnaopanda na kushuka barabara ya Manyovu na gari za auto, ile M (manual, unachagua gia mwenyewe) yenye alama ya + na − pembeni ya D kwenye liva ya gia wengi tunayo na hatujawahi kuigusa toka gari itoke bandarini.

Mimi nilianza kuitumia baada ya kuogopa. Nilikuwa nashuka toka Kalinzi kuja Mwandiga, nyuma nina wajomba wawili na magunia ya maharage, nipo kwenye D mguu kwenye breki muda wote, mara nikasikia harufu ya kitu kinaungua na pedeli ikaanza kuzama. Breki zimechemka. Nikapaki pembeni tukasubiri zipoe, na kwa kweli sitaki mtu mwingine apate ile hofu akiwa amebeba watu.

Sasa fanya hivi. Ukiwa kwenye D, hata gari ikiwa inatembea, vuta liva upande wa M, kwenye dashibodi itatokea namba ya gia uliyopo. Gusa + inapanda moja, gusa − inashuka moja, unagusa na kuachia. Cheki uelekeo wa gari yako kwanza, nyingi ukisukuma mbele inapanda ila Mazda na BMW ni kinyume chake. Kama una vile vibawa nyuma ya usukani, kulia kupanda, kushoto kushuka.

Kwenye mteremko shusha gia KABLA hujaanza kushuka. Weka 3, ukiona bado inakukimbia weka 2, injini italia na mshale wa rpm (mizunguko ya injini) utapanda, usiogope, maadamu haujafika pale pekundu haiharibiki kitu, hapo ndo injini inakushikia gari. Breki kanyaga kwa vipindi, kaza, spidi ikipungua achia zipumue. Ukishusha gia ukiwa na spidi kubwa mno kompyuta inakataa, gari nyingi zinapiga mlio tu, punguza kwa breki kwanza ndo ujaribu tena.

Na jamani, kuachia gari fri (kuweka N) mteremkoni eti unaokoa mafuta, hapana. Injini za EFI (zinazopuliza mafuta kwa kompyuta) ukitoa mguu kwenye mafuta huku gia ipo zinakata mafuta zenyewe, kwenye fri ndo zinaendelea kunywa ili zisizime, na hapo umebaki na breki peke yake.

Kupanda pia inasaidia, unabaki na gia moja badala ya auto kuhangaika 3, 4, 3, 4, na ukitaka kuovateki lori shusha moja kwanza. Kwenye tope anza na 2, tairi hazizunguki hovyo.

Toyota nyingi zimeandikwa S badala ya M, pale S4 maana yake mwisho gia ya nne, chini ya hapo inachagua yenyewe. Kama gari yako haina M wala S, zima O/D (overdrive, ile gia ya juu kabisa) kwa kile kitufe cha kwenye liva, mteremko ukizidi weka 2 au L (gia ya chini kabisa).

Ukifika Mwandiga rudisha D, ukiiacha kwenye gia ndogo injini inazunguka sana bure na mafuta yanaisha.