Kuchagua waya wa spika za sebuleni: pima, kwangua, ndipo ununue

Kazi yangu ni kufunga mziki majumbani. Mara nyingi naitwa kwa spika iliyosemwa kuwa imekufa, nikifika nakuta spika nzima na waya mbovu. Kuchagua waya mzuri hakuhitaji hela nyingi, bali kunahitaji subira kidogo dukani.

Hatua ya 1: Pima njia ya waya
Usikadirie kwa macho. Chukua futi upime pale waya utakapopita kweli, yaani pembeni mwa ukuta, chini ya zulia, nyuma ya kabati, hadi kwenye amplifaya, yaani mashine ya kukuza sauti. Kisha ongeza nusu mita kwa kila spika. Hiyo nusu mita utaihitaji baadaye.

Hatua ya 2: Soma omu, chagua unene
Nyuma ya spika pameandikwa omu 8, 6 au 4. Omu ni kipimo cha ukinzani, yaani jinsi kitu kinavyozuia umeme kupita. Kila waya una ukinzani wake, na umeme huenda kwa uzi mmoja na kurudi kwa mwingine, kwa hiyo mita 10 za njia ni mita 20 za shaba. Kwa unene wa milimita za mraba 1.5, hizo mita 20 zina ukinzani wa takriban omu 0.23. Spika ya omu 8 haitajali. Ya omu 4 itaanza kupoteza nguvu, na hapo mimi hufunga 2.5. Kama njia haizidi mita 5, 1.5 inatosha kwa zote mbili.

Hatua ya 3: Kwangua kabla ya kulipa
Hapa ndipo watu wanapoibiwa. Waya nyingi zinazouzwa kama kopa, yaani shaba, ni aluminiamu iliyopakwa shaba kwa juu. Ukinzani wake ni kama mara moja na nusu ya shaba halisi, na nyuzi zake hukatika upesi zikikunjwa. Omba kipande, menya ncha, shika uzi mmoja na uukwangue kwa wembe. Shaba halisi itabaki nyekundu hata ukikwangua hadi katikati. Ile ya kupaka itatoa weupe chini ya wembe. Kuna na shaba iliyopakwa bati, hiyo ni nyeupe kwa nje na nyekundu ndani, nayo ni nzuri. Kwa hiyo angalia moyo wa uzi, usidanganywe na ngozi yake. Muuzaji akikataa usikwangue, nenda duka la pili.

Waya wenye bei sawa na ya spika zenyewe sikushauri kabisa. Kwa urefu wa sebuleni, shaba ya kawaida yenye unene sahihi inafanya kazi yote inayotakiwa. Hela inayobaki iongeze kwenye spika zenyewe, utaisikia.

Hatua ya 4: Waya wa RCA
Huu ni ule wenye vichwa vyekundu na vyeupe, kutoka kwenye chombo cha kuchezea mziki kwenda kwenye amplifaya. Nunua mfupi, mita 1 au 2, wenye kichwa kinachobana. Uweke mbali na waya za umeme. Ikibidi zikutane, zipishane kama msalaba, zisilale sambamba, la sivyo utasikia mvumo.

Hatua ya 5: Funga
Zima amplifaya kwanza. Menya kama sentimita 1, sokota nyuzi zikae pamoja, na hakikisha hakuna hata uzi mmoja unaogusa upande wa pili, maana huo mmoja unaweza kuunguza amplifaya. Nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, spika zote mbili. Mama mmoja alilalamika kwamba besi imepotea tangu ahame nyumba. Spika moja ilikuwa imegeuzwa nyaya. Nilipozirudisha, alisikia tofauti kabla sijainuka.

Kama rangi za waya hazionekani, chomoa waya kwenye amplifaya na ugusishe ncha zake kwenye betri ya volti 1.5 kwa sekunde moja. Utando wa spika ukisukumwa nje, uzi ulio kwenye chanya ndio wa nyekundu.

Hatua ya 6: Kagua ncha
Huku pwani hewa ya chumvi huila shaba. Kila baada ya miezi kadhaa fungua ncha uzitazame. Ukiona ukijani, kata sentimita 2, menya upya, funga tena. Ile nusu mita ya ziada ndiyo kazi yake.