Somo: Bilirubini imezidi, tusomeje jibu la maabara?

Jibu la kipimo cha damu likija na bilirubini, rangi ya manjano inayochakatwa na ini, ya 32 na mshale wa kupanda pembeni, wengi huhitimisha kwamba ini limeharibika, ingawa namba hiyo peke yake haitoshi kusema hivyo.

Anza na kizio. Maabara nyingine huandika mikromoli kwa lita na nyingine miligramu kwa desilita, na 1 ya hizi za pili ni takribani 17 za zile za kwanza. Kwa mtu mzima kikomo ni karibu mikromoli 21, au miligramu 1.2, lakini fuata kilichochapwa kwenye karatasi yako.

Kisha itenganishe jumla, na hapa ndipo penye somo lenyewe. Bilirubini ni rangi ya manjano inayobaki chembe nyekundu za damu zinapovunjika baada ya kuishi takribani siku 120. Mwanzoni haiyeyuki majini, kwa hiyo hubebwa na protini hadi kwenye ini, ambalo huifanya iyeyuke na kuimwaga kwenye nyongo. Ambayo haijapita kwenye ini huitwa isiyo ya moja kwa moja, na iliyokwisha kupita huitwa ya moja kwa moja. Kama umepewa jumla tu, omba mgawanyo.

Ikizidi isiyo ya moja kwa moja, huenda chembe zinavunjika kwa kasi, kama katika selimundu, malaria au upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinachokinga chembe hizo; au ini limezaliwa na uvivu kidogo wa kuichakata, hali isiyo na madhara iitwayo Gilbert. Ikizidi ya moja kwa moja, shuku homa ya ini au mawe yaliyoziba njia ya nyongo, hasa mkojo ukifanana na chai ya rangi na choo kikipauka.

Mwisho, tazama ALT, AST na ALP, yaani vimeng'enya vinavyoonyesha hali ya ini na njia ya nyongo, kwenye karatasi hiyo hiyo.

Maswali ya wanachama

Swali: Nina 32 lakini macho yangu ni meupe. Je, maabara imekosea?
Jibu: Si lazima. Manjano ya macho kwa kawaida huonekana kiwango kinapofika mikromoli 40 hadi 50, tena yatazame mchana, si chini ya taa.

Swali: Nilipimwa alasiri nikiwa nimefunga Ramadhani. Je, saumu inahusika?
Jibu: Kwa mwenye Gilbert, ndiyo, kwani kukaa bila kula huipandisha. Rudia kipimo ukiwa unakula kawaida, ila usijipe jina hilo kabla vipimo vingine vya ini na picha kamili ya damu havijaonekana salama.

Swali: Mjukuu wangu amezaliwa jana usiku na leo ana manjano. Tumwoteshe jua?
Jibu: Hapana, bibi. Somo hili ni la watu wazima; manjano yanayotokea ndani ya saa 24 za kwanza ni dharura, mpelekeni hospitali sasa hivi.