Jinsi ya kuunda jumuiya ya wabunifu

Anza na kazi inayoshikika, wala si na semina. Jahazi la Flipflopi, lililojengwa Lamu kwa takribani tani 10 za plastiki iliyookotwa, likapambwa kwa vipande vya kandambili na kusafiri hadi Zanzibar mapema mwaka 2019, lilihitaji fundi wa jadi wa majahazi kama Ali Skanda, watu wanaoelewa tabia ya plastiki, ambayo hupinda kuliko mbao, na watu wa kutafuta fedha.

Kwa hiyo, chagua tatizo moja la mtaani kwenu ambalo hakuna fani inayoweza kulimaliza peke yake. Kutaneni karakana, mahali ambapo mchoraji anaweza kuushika ubao, akaupinda na kumuuliza mhandisi kwa nini umepasuka. Swali la namna hiyo haliulizwi kwa urahisi ukumbini mbele ya kipaza sauti.

Kabla fedha hazijaingia, andikeni nani atamiliki michoro, nani atalipwa na lini. Wasanii ndio wanaosahauliwa mara nyingi hapa, eti kwa kuwa wao “wanajitolea”. Mikutano mingine ifanyeni michache.