Kumwandikia Sherlock Holmes Kesi Mpya

Kipimo cha riwaya mpya ya Sherlock Holmes, yule mpelelezi wa kubuniwa, ni kimoja: ukimtoa Holmes ukamweka mpelelezi mwingine, je, kesi bado inatatulika vilevile? Ikitatulika, umeandika riwaya ya mtu mwingine ukaivisha jina lake. Kwa hiyo anza na akili yake. Kiko na kofia vitajileta. Holmes huanzia kwenye vitu: tope la viatu, majivu ya sigara, sugu za mikono. Poirot, mpelelezi wa Agatha Christie, huanzia kwenye tabia za watu na kitu kilichokaa mahali pasipo pake. Fumbo lako likubali kufunguka kwa ufunguo wa yule uliyemchagua, limgomee mwingine.

Kabla ya sentensi ya kwanza, shughulikia sheria. Arthur Conan Doyle, aliyembuni Holmes, alifariki 1930, na Uingereza hakimiliki hudumu miaka 70 baada ya kifo cha mwandishi, hivyo muda wake uliisha mwishoni mwa 2000. Marekani, hadithi zake za mwisho zilizotoka 1927 ziliachiwa umma tarehe 1 Januari 2023. Poirot ni jambo jingine: Agatha Christie alifariki 1976, na Uingereza hakimiliki yake inaendelea hadi mwisho wa 2046, kwa hiyo bila idhini ya wenye haki usimguse. Zipo nchi zinazohesabu miaka 50, basi chunguza sheria ya kila nchi utakakouza kitabu. Kumbuka pia kwamba hadithi zikiwa huru, filamu zilizotokana nazo huenda si huru. Mhusika aliyebuniwa na filamu ya juzi ni mali ya waliombuni.

Kisha soma hadithi zote za Holmes, riwaya 4 na hadithi fupi 56, ukiwa na daftari. Andika tarehe ya kila kesi, Watson, rafiki wa Holmes anayesimulia kesi zake, anaishi wapi wakati huo, nani anajua nini. Kosa linalowaangusha wengi ni la kalenda: Holmes anadhaniwa amekufa kwenye maporomoko ya Reichenbach, Uswisi, Mei 1891, na harudi London hadi 1894. Ukiwaketisha yeye na Watson nyumbani kwao Baker Street mwaka 1892, msomaji anayezijua hadithi hizi atakifunga kitabu ukurasa wa pili.

Sasa tatizo kubwa kuliko yote: urefu. Mpelelezi anayemsoma mgeni wake kabla hajaketi huibeba hadithi fupi vizuri sana, lakini riwaya huimaliza mapema. Doyle mwenyewe alilijua hilo. Katika riwaya yake ya kwanza ya Holmes (1887) na ya mwisho (1915), nusu ya pili inahamia Marekani kusimulia kisa cha nyuma. Katika ile ya mbwa wa Baskerville (1902), Watson anatumwa nyika ya Dartmoor bila Holmes, naye Holmes anatoweka kwa sura kadhaa. Usijaribu kurefusha kwa kumpumbaza Holmes. Mwache atatue jambo kila baada ya sura tatu au nne, ila kila jibu lizae swali zito zaidi: amejua barua ni ya kughushi, basi kwa nini aliyeghushi aliacha jina lake halisi? Usilazimishe kurasa 400. Maneno 50,000 hadi 60,000 yanamtosha.

Fumbo lenyewe lijenge kinyumenyume. Andika kwanza uhalifu kama ulivyotokea, saa kwa saa, kurasa mbili zisizo na ufundi wowote. Ndipo uulize: muuaji amesahau nini? Tuseme mpwa wa marehemu anaapa kwamba alikula na mjomba wake Jumapili usiku. Maiti inakutwa Jumanne, katika chumba baridi kisichowashwa moto, na daktari anaweza kukadiria tu. Ukutani kuna saa ya siku nane, yaani ikitiwa ufunguo mara moja hutembea kama siku nane, na mzee alikuwa akiitia ufunguo kila Jumapili asubuhi. Imesimama Jumatatu jioni. Maana yake Jumapili hakuna aliyeitia ufunguo, na mzee alikuwa amekufa tangu Jumamosi.

Kidokezo kama hicho kivunje vipande vitatu, ukitawanye. Sura ya tatu, Watson anataka kujua wakati na analazimika kutoa saa yake mfukoni. Sura ya sita, mtumishi anataja desturi za bwana wake: kanisani, ufunguo wa saa, mishahara, kulala mapema. Jambo la maana likae katikati ya orodha, maana msomaji hukumbuka la kwanza na la mwisho. Sura ya tisa, mtu anasifu saa ile kwamba huenda siku nane, na papo hapo kelele zinasikika nje. Lakini kidokezo kimoja hakimtii mtu hatiani, kwa sababu mzee angeweza kusahau. Weka cha pili kisichotegemea cha kwanza: daftari la mishahara ya Jumapili ile limeandikwa kwa mkono tofauti.

Msimulizi awe Watson. Yeye aone kila anachokiona Holmes, asijue kukipanga. Usimfanye mjinga, ni daktari na alikuwa jeshini Afghanistan, kwa hiyo kuhusu jeraha asikosee. Kwa Kiswahili, wape lugha ya adabu ya watu walioshibana: waitane kwa majina ya ukoo, Holmes na Watson, na “rafiki yangu” kwa nadra. Misimu ya leo iache. Ule msemo maarufu wa “ni jambo dogo, Watson mpendwa” haumo katika hadithi yoyote kati ya zile 60, nawe usiutie.

Zama nazo zina mitego. Ofisi ya alama za vidole ya Scotland Yard, makao ya polisi wa London, ilianza 1901, hivyo kesi ya 1889 haitatuliwi kwa vidole. Pauni moja ilikuwa shilingi 20, na shilingi peni 12. Ujumbe wa haraka ulikwenda kwa telegramu, na treni za chini ya ardhi zilikuwepo London tangu 1863.

Rasimu ikikamilika, wape wasomaji watatu, lakini ondoa sura ya ufumbuzi. Kila mmoja aandike nani, kwa nini, na amejuaje. Wote wakipatia, angalia walikitambua kidokezo ukurasa gani, kisha kiingize ndani zaidi ya jambo jingine. Wote wakikosa, wape sura ya mwisho: wakirudi nyuma wenyewe kutafuta ile saa, iache ilivyo, wakilalamika kwamba hawakuambiwa, rejea sura ya sita uongeze nusu sentensi.