Kuchoma hotdogi kwenye mkaa bila kuziunguza: hatua kwa hatua

Huku Marekani, kuanzia Memorial Day mwishoni mwa Mei hadi Labor Day mwanzoni mwa Septemba, watu huchoma nyama nje, na kilele chake ni tarehe 4 Julai. Ukiishi huku, ipo siku utakabidhiwa koleo na kuambiwa usimamie jiko. Sisi tuliozoea mishkaki huwa tunaivamia hotdogi kama nyama mbichi: makaa mengi, moto mkali, geuza haraka. Matokeo yake ni soseji nyeusi kwa nje na baridi katikati.

Soseji ya hotdogi imeshaiva tangu kiwandani. Kazi yako ni kuipasha moto hadi kiini, kisha kuipa ngozi rangi. Ukilishika hilo, mengine yote yanakaa sawa.

Hatua ya 1: Nunua soseji inayofaa

Zipo za aina mbili. Za kwanza zimevishwa utumbo, mara nyingi wa kondoo, na ukizing'ata zinatoa mlio. Za pili hazina ngozi kabisa, na ndizo zilizojaa kwenye maduka makubwa kwa bei nafuu. Mimi nachagua za utumbo kila zinapopatikana, ingawa zinataka uangalizi zaidi maana hupasuka kwenye moto mkali.

Kwa wanaokula halali: pakiti ikiandikwa nyama ya ng'ombe, hiyo peke yake haitoshi. Tafuta alama ya halali, na usome orodha ya viambato mpaka mwisho, kwa sababu nyama inaweza kuwa ya ng'ombe lakini ngozi ikawa ya nguruwe. Pakiti za bei ya chini kabisa mara nyingi ni mchanganyiko wa kuku, nguruwe na ng'ombe.

Hesabu ya ununuzi nayo ina vituko vyake. Soseji huuzwa sana kwa pakiti za 10, skonzi zake kwa pakiti za 8. Chukua pakiti 4 za soseji na 5 za skonzi, utapata 40 kwa 40. Mtu mzima mhesabie mbili, mtoto moja.

Hatua ya 2: Washa mkaa na uusogeze upande mmoja

Tumia kopo la kuwashia mkaa, lile refu la bati lenye mpini. Jaza mkaa, sokota karatasi mbili za gazeti uziweke chini, washa. Baada ya dakika 15 hadi 20 makaa ya juu yataanza kufunikwa na majivu. Mafuta ya kuwashia yaache dukani. Harufu yake inaingia kwenye soseji, na hakuna haradali itakayoificha.

Mimina makaa yote nusu moja ya jiko, nusu nyingine ibaki tupu kabisa. Jiko la gesi likiwa ndilo ulilonalo, washa upande mmoja tu. Weka wavu, funika kwa dakika chache upate moto, kisha uusugue na kuupaka mafuta kidogo. Kama unatumia brashi ya waya, pangusa wavu kwa kitambaa baada ya kusugua, kwani nyaya hukatika na kunasa kwenye chakula.

Sasa pima moto kwa kiganja, kama sentimita 12 juu ya wavu upande wenye makaa. Ukiweza kuvumilia sekunde nne au tano, ni moto wa wastani, na ndio unaoutaka. Ukitoa mkono sekunde ya pili, subiri.

Hatua ya 3: Kukata au kutokata

Yenye ngozi ya utumbo usiikate. Isiyo na ngozi ichanje mistari ya mshazari, kina cha milimita tatu hivi, pande mbili. Kingo za michanjo hiyo zinakauka na kupata rangi, halafu sosi inapata pa kushika. Usipasue katikati kama smokie, ile soseji ya mitaani ya Nairobi inayowekewa kachumbari. Ile inapasuliwa ikishapata moto, na hapa ukifanya hivyo mapema mafuta yote yatamwagikia makaa na moto utakurukia.

Chicago wana mtindo mwingine kwa hotdogi ya kuchomwa: wanakata ncha zote mbili kwa alama ya msalaba. Zikipata moto, ncha zinajikunja kwa nje na kukauka. Watoto wanazipenda sana.

Hatua ya 4: Choma

Zilaze soseji upande usio na makaa, sambamba na nondo za wavu ili zisibiringike. Funika jiko, matundu ya hewa yawe wazi. Ziache dakika nne au tano, ukizigeuza mara moja.

Ukifunua utaona zimevimba, ngozi imekaza na inang'aa kwa mafuta. Hapo ndipo unazihamishia upande wa makaa. Usiondoke. Zibiringishe kwa koleo kila baada ya sekunde 20 au 30, kwa dakika mbili hivi. Rangi inaanza na mistari ya kahawia, kisha mistari inapanuka na kukutana, na mafuta yanachirizika yakilia juu ya makaa. Moto ukiruka, zirudishe upande wa baridi mpaka utulie, usimwage maji. Zitoe kabla ngozi haijaanza kusinyaa, maana ikisinyaa unyevu umeshaondoka.

Uma usiuguse. Kila tundu linatoa mafuta.

Kwa wajawazito, wazee na wenye kinga dhaifu, hakikisha kiini kimefika nyuzi 74 za selsiasi, ambazo kwenye vipimajoto vya huku ni 165 za farenihaiti. Soseji iliyoiva kiwandani bado inaweza kubeba bakteria wa listeria, na joto hilo ndilo linalowaua.

Hatua ya 5: Skonzi

Paka siagi ndani, zilaze kifudifudi pembeni mwa makaa kwa nusu dakika. Zinaungua haraka kuliko unavyofikiri.

Hatua ya 6: Vya juu

Chicago huweka haradali ya njano, vitunguu vilivyokatwakatwa, achari ya kijani kibichi, vipande vya nyanya, kipande kirefu cha tango la achari, pilipili ndogo za siki na chumvi ya figili (celery salt), ndani ya skonzi yenye mbegu za popi. Tomato sosi hawataki hata kuiona. Mimi nakubaliana nao nusu: sosi ya dukani ina sukari nyingi, inafunika ladha ya moshi.

Kachumbari inakaa vizuri sana, ila toa mbegu za nyanya na ukamue vitunguu kabla ya kuchanganya, la sivyo skonzi italowa na kukatika mkononi.

Watoto chini ya miaka minne usiwape hotdogi nzima wala vipande vya duara, vinaziba koo. Ikate kwa urefu mara nne, kisha vipande vidogo.

Baada ya kula

Soseji zilizobaki zisikae nje zaidi ya saa mbili, au saa moja joto likizidi nyuzi 32. Ambazo hazijachomwa zikae kwenye deli lenye barafu muda wote. Jiko lenye makaa usiliingize ndani wala gereji hata mvua ikinyesha ghafla, kwa sababu gesi ya kaboni monoksidi haina harufu na inaua. Funga matundu na kifuniko, liache nje, na majivu uyatupe yakiwa yamepoa kabisa.

Zilizoingia friji zitakaa siku tatu au nne. Mimi huzikatia kwenye chipsi mayai.